Askari 376 mbele ya mlango mmoja

Leo tunataka kuwaambia juu ya jambo lililotokea Marekani, inchi yenye mali na bunduki nyingi. Linamgusa kila mzazi anayepeleka mtoto masomoni asubuhi, na kila mtu anayelipa kodi ili polisi wapate mshahara.

Tarehe 24 mwezi wa 5 mwaka wa 2022, katika mji mdogo wa Uvalde, jimbo la Texas, kijana wa miaka 18 aliingia na bunduki katika masomo ya watoto wadogo, jina lake Robb. Aliua watoto 19 na walimu 2. Wengi walisikia habari hiyo. Lakini sikieni na hili: polisi hawakuchelewa kufika. Baada ya dakika 3 hivi walikuwa ndani ya nyumba ile ile. Walipokaribia vyumba alimokuwa, aliwapiga risasi, wawili wakapata vidonda vidogo, wote wakarudi nyuma. Wakangoja. Wengine wakaja, wa mji, wa jimbo, wa mpaka, mpaka wakawa 376. Nao wakangoja. Dakika 77 zilipita mbele ya kuingia na kumuua yule kijana.

Je, hawakujua kama ndani kuna watu hai? Dakika ya 30 mtoto alipiga telefoni kwa polisi kutoka chumba kile kile, akinong'ona. Dakika ya 43 alisema wanafunzi 8 au 9 wangali hai. Mwalimu mmoja alimpigia bwana wake, naye ni polisi, akamwambia amepigwa risasi. Bwana alikuwa pale pale. Wenzake walimnyang'anya bunduki wakamtoa nje, na mwalimu yule akafa. Huko nje wazazi walilia waachwe waingie wenyewe. Polisi waliwazuia kwa nguvu, na mama mmoja alitiwa pingu. Basi nguvu ilikuwako. Iligeuzwa upande wa wazazi.

Wakubwa walisema walikuwa wakitafuta ufunguo. Wabunge wa Texas walipochunguza mambo, mwezi wa 7 mwaka ule, waliona kwamba mlango labda haukufungwa kwa ufunguo hata kidogo, wala hakuna aliyejaribu kuufungua.

Pete Arredondo, mkubwa wa polisi wa masomo ya Uvalde, alisema kwamba hakujiona kuwa ndiye mwenye kuamuru. Basi nani? Kati ya watu 376 hakuna aliyejibu. Wenzetu wa shimoni wanajua jambo hili. Mwamba ukianguka juu ya watu, kapita hawezi kusema, sikujua kama mimi ni kapita. Siku ya mshahara alijua vizuri.

Mtu atasema: polisi naye ni mtu, ana watoto, anaogopa kufa. Ni kweli, na hatumcheki mtu kwa sababu ya woga. Lakini watoto wa miaka 10 waliachwa peke yao na woga huo huo, bila bunduki, bila ngao. Kazi ya kuingia ilikuwa ya nani? Tena polisi hawa walikuwa wamefundishwa. Tangu mwaka wa 1999, wakati polisi walipongoja nje ya masomo ya Columbine, huko Colorado, na mwalimu mmoja akatokwa damu kwa masaa mpaka kufa, sheria ya mafundisho ni moja: wa kwanza kufika aingie mara moja. Huko Uvalde mafundisho hayo yalifanywa tena mwezi wa 3 mwaka wa 2022, miezi miwili mbele ya mauaji. Na inawezekana: mwaka wa 2023 huko Nashville polisi waliingia bila kungoja, wakamuua muuaji dakika 14 hivi baada ya telefoni ya kwanza. Watu 6 walikwisha kufa. Wengine wengi walitoka.

Sasa tufike kwenye sheria, kwa maana hapa ndipo tunapokasirika zaidi. Mwaka wa 2005, katika kesi ya mji wa Castle Rock, mama mmoja ambaye binti zake watatu waliuawa na baba yao alidai kwamba polisi hawakumsaidia ingawa alikuwa na barua ya korti. Korti Kuu ya Marekani ilimkatalia. Mwaka wa 2018 polisi mwenye bunduki alibaki nje ya masomo ya Parkland, Florida, watu 17 wakafa. Mwaka wa 2023 korti ilimwachilia. Maana yake raia analipa, polisi anapokea, lakini siku ya hatari hakuna deni.

Kwa mambo ya Uvalde, mwezi wa 6 mwaka wa 2024 walishitakiwa wawili, Arredondo na polisi mmoja aliyekuwa chini yake. Wawili kati ya 376! Mwezi mmoja mbele ya hapo mji ulipatana na jamaa za watoto: dola milioni 2, na ahadi ya kuwafundisha polisi vizuri zaidi na kupima kama kila mmoja anafaa kwa kazi. Wazazi walidai ahadi hiyo miaka miwili, baada ya kuzika.