Skana Haijafa, Imekosa Draiva



Kila nyumba inaponunua kompyuta mpya tunasikia neno lile lile: "Skana imekufa." Basi inawekwa stoo au anapewa mnunuzi wa vyuma chakavu, na vyeti vya watoto vinapelekwa dukani kuskaniwa, kila ukurasa na bei yake. Sisi tunasema nyingi katika hizo hazijafa. Taa inawaka, kioo ni kizima. Kilichokosekana ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kusemezana na kifaa.

Skana nyingi za zama za Windows XP zilitengenezewa draiva za biti 32, na Windows ya biti 64 haizipokei. Kiwanda nacho hakina haraka ya kuandika nyingine. Kina skana mpya ya kukuuzia.

Hapo ndipo watu wengine wanapotufaa. Ed Hamrick wa Marekani alitoa VueScan mwaka 1998, nayo ina draiva zake yenyewe kwa skana nyingi za zamani. Hulipiwa, lakini jaribuni kwanza bure: nakala ya majaribio huchapa alama juu ya picha, na hiyo yatosha kuwaonyesha kama skana imeamka. Kwa wenye Linux ipo SANE, ya bure, na orodha yake ya skana inazozitambua i wazi kwa kila mtu. CanoScan LiDE 20, kwa mfano, imo. NAPS2 nayo ni ya bure na ni nzuri kwa kutengeneza PDF, ila kwenye Windows skana kuukuu ya USB bado itahitaji draiva ya kiwanda. Wengi huchanganya hapa, wakaipakua, kisha wakakata tamaa.

Tusilolikubali ni nakala za VueScan zilizovunjwa kufuli, zinazopitishwa mkono kwa mkono katika flashi. Aliyeiandika ana haki ya jasho lake. Tena fikirini ni nini hupita katika skana ya nyumbani: pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, hati za kiwanja. Hayo yote mnaipa programu ambayo hamjui nani ameichezea.

Anayeona bei ni nzito, asiitupe ile kompyuta yake ya zamani. Aweke Linux na SANE ndani yake, aiunganishe na skana, iwe ya kazi hiyo tu.