Vitone Mchangani

Likizo ya Agosti iliyopita niliipitisha Nchelenge, nchini Zambia, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Ni mji wa wavuvi, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya pili ni Kongo, na majini kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, jina ambalo Mtanzania halisikii asishtuke.

Nilimkuta binti wa dada, mwanafunzi wa darasa la sita, amenuna. Mama yake alikuwa amemnyang'anya penseli za rangi. Daftari lake la Hesabu lilijaa alama nyekundu, na pambizoni mwake alichora samaki, mitumbwi na nyavu kwa ustadi wa ajabu. "Huyu ameacha kusoma, kazi yake ni kuchora," alisema dada. Nami nilikaa kimya. Kabla ya kuhamishiwa ofisini nilifundisha Hesabu, na siku moja nilichana michoro ya mtoto mbele ya wenzake. Hakunyosha tena mkono darasani mpaka mwaka ukaisha.

Jioni nilimchukua binti ufukweni. Nilikumbuka sona, michoro ya mchangani ya Wachokwe na Waluchazi wa mashariki ya Angola na kaskazini magharibi ya Zambia. Si mila ya Mweru, lakini mchanga ni mchanga. Wazee wao walipiga safu za vitone kwa ncha za vidole, kisha wakazizungusha mstari huku wakisimulia hadithi, na fundi hodari hakusita wala hakuinua kidole. Marehemu Paulus Gerdes (1952–2014), mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Msumbiji, aliichunguza hesabu iliyomo humo na kuandika vitabu juu ya manufaa yake darasani.

Tulianza na safu 3 za vitone 4. Mstari huanzia ukingoni, hupita mshazari katikati ya kitone na kitone, na kila ufikapo nje ya vitone vya mwisho hugeuka kama mpira uliogonga ukuta. Mstari mmoja ukapita kote na kurudi ulipoanzia. Safu 4 za vitone 6 zilitutoa jasho: mara ya kwanza vitone vilikaa upogo, mara ya pili wimbi likatufutia. Mara ya tatu mstari ulirudi mapema, njia nyingine zikabaki tupu, ikabidi kuanza mstari wa pili. Safu 3 za vitone 6 zikadai mistari 3. Safu 5 za vitone 6, mmoja tu.

Binti aliandika idadi hizo kwa kijiti, akazitazama kwa muda mrefu.

"Mama mdogo, 4 na 6 zote zagawanyika kwa 2. 3 na 6, kwa 3." Akanyamaza. "Basi 6 kwa 9 itataka mistari 3."

Tukachora. Ikawa 3.

Hicho ndicho Kigawo Kikubwa cha Shirika, ambacho juma lililotangulia kilimpatia sifuri. Yafaa mama au mwalimu asiitaje kanuni mapema. Mtoto akiambiwa kwanza, hubaki na kazi ya mkono tu. Mchanga ukikosekana, chaki sakafuni yatosha, au maharage uani, na darasa lenye watoto wengi laweza kugawanywa makundi makundi. Sisemi kwamba michoro itaondoa taabu ya kukariri jedwali la kuzidisha. Binti yule bado hukosea 7 mara 8, na hilo tulilifanyia mazoezi ya kawaida, kwa mdomo, tukiosha vyombo.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta dada mwenyewe amechuchumaa uani, kitenge kiunoni, amepanga maharage 6 kwa 8, akilalamika kwamba hauoni mstari wa pili unakoanzia. Binti alikuwa amesimama nyuma yake, penseli za rangi mkononi, akijizuia asimwambie.