Oda ya Alumini: Amua Njia ya Kuunga Kabla Hujapokea Advansi

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na wale tunaouza vitu vya alumini mtandaoni: kabati za chipsi, stendi za nguo, meza, toroli, keria za bodaboda. Wengi wetu hatuna karakana. Unaposti picha, oda inaingia, unampelekea fundi. Kiungo kikiachia, mteja hamjui fundi. Anakujua wewe.

Msimamo wangu ni huu: njia ya kuunga muiamue wewe na fundi pamoja, kabla hujamtajia mteja bei. Ukimwachia fundi peke yake, atatumia mashine aliyonayo, hata kama kazi inataka nyingine.

Alumini siyo chuma. Yenyewe inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, lakini ina ngozi nyembamba juu yake ambayo haiyeyuki mpaka zaidi ya 2,000. Ngozi isiposuguliwa, chini kunakuwa uji na juu bado kugumu. Tena haiwi nyekundu kama chuma ili kukupa tahadhari, inaporomoka ghafla. Ndiyo maana fundi hodari kabisa wa mageti anaweza kukutobolea bomba lote la alumini.

Sasa njia zenyewe:

1. TIG. Hii ni ya bati na bomba jembamba, chini ya milimita 3, na viungo ambavyo mteja ataviona. Mshono unatoka nadhifu. Inaenda polepole, kwa hiyo gharama iko juu. Kwa alumini, mashine inatakiwa itoe mkondo wa AC, na gesi iwe agoni tupu. Inveta ndogo nyingi za mtaani zinatoa DC pekee. Hizo ziache kwenye chuma.

2. MIG. Ni ya haraka. Inafaa milimita 3 kwenda juu, hasa ukiwa na oda ya vipande vingi vinavyofanana. Waya wa alumini ni laini na hujikunja njiani, ndiyo maana mafundi wengi hutumia bunduki iliyobeba roli lake la waya. Gesi hapa pia ni agoni, siyo kaboni ya kuchomelea chuma.

3. Fimbo za alumini. Zipo, na ni rahisi kwa fundi kwa sababu hazihitaji gesi. Kwa kiraka cha kitu kinene, sawa. Kwa bidhaa mpya ya kuuza, mimi sikubali. Mabaki ya dawa yake yasipooshwa vizuri yanakula alumini taratibu, na mteja anakuja kuyaona baadaye.

4. Ripiti na boliti. Najua hapa wengine mtanipinga, maana wateja wanaamini kilichochomelewa ndicho imara. Siyo kila mara. Joto linalegeza alumini iliyokazwa kiwandani: aina ya 6061, kwa mfano, inaweza kupoteza theluthi moja ya nguvu au zaidi kando ya mshono. Ripiti haina joto. Ndege nyingi za abiria zina bodi ya alumini iliyoungwa kwa maelfu ya ripiti. Kabati la chipsi lenye profaili nyembamba halihitaji TIG. Na kwa sisi tunaotuma mizigo mikoani, stendi ya boliti inafunguliwa, inalala bapa na kupakiwa kwenye basi bila kula nafasi. Angalizo kwa walioko pwani: epuka ripiti za chuma cha kawaida. Chuma na alumini vikikutana kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inaliwa.

Keria na toroli ni habari nyingine. Zinabeba uzito na kutikiswa kutwa. Hizo zichomelewe TIG au MIG kulingana na unene, na kwenye kona kiongezwe kipande cha kuimarisha. Hapa usishindane na wa bei chee, maana ikiachia barabarani anaumia mtu.

Kabla ya kutoa hela, muulize fundi: unene ni milimita ngapi? Mashine yako inatoa AC? Gesi gani? Unasafisha kwa nini? Jibu zuri ni brashi ya waya ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma, baada ya kufuta mafuta. Kisha mwambie aunge vipande viwili vya mabaki, avibane kwenye jiriwa, avipige nyundo mpaka vivunjike. Ukiona vitundu vingi kama sponji ndani ya mshono, mshukuru na uondoke.

Ukishaamua, iandike njia hiyo kwenye maelezo ya bidhaa, pamoja na uzito inaoweza kubeba. Mteja akiuliza kwa nini bei yako iko juu, utakuwa na la kumjibu.

Wewe bidhaa yako inaungwa kwa njia gani, na ulishawahi kumuuliza fundi wako?