Jina la Fulbright na Jirani Zake Weusi

Vijana wa Kenya na Tanzania huenda Marekani kufundisha Kiswahili vyuoni kwa ufadhili wenye jina la J. William Fulbright, seneta wa Arkansas kuanzia 1945 hadi 1974. Mwenye jina hilo aliipinga Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi. Je, jina libaki?

Wanaomtetea wana hoja nzito. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, mali ya jeshi la Marekani ilikuwa imetapakaa ng'ambo, na nchi zilizotaka kuinunua hazikuwa na dola. Fulbright akapendekeza fedha za mauzo zisomeshe watu. Sheria ikapita 1946, na hadi leo imenufaisha zaidi ya watu 400,000. Mwaka 1954, wenzake wakiogopa kubandikwa ukomunisti, yeye peke yake katika Seneti alikataa kuidhinishia fedha kamati ya Joseph McCarthy, seneta aliyewasaka wakomunisti. Mwaka 1966, akiongoza Kamati ya Mambo ya Nje, aliihoji serikali ya chama chake kuhusu vita vya Vietnam mbele ya televisheni.

Lakini mwaka 1956 alitia saini tamko la wabunge wa Kusini waliopinga shule kuchanganya watoto Weusi na Wazungu. Mwaka uliofuata, wanafunzi tisa Weusi walizuiwa kuingia shule ya Little Rock, katika jimbo lake. Hakuwatetea. Mwaka 1965 akapinga pia Sheria ya Haki ya Kupiga Kura.

Husemwa kwamba angefanya vingine, wapigakura Wazungu wangemng'oa. Siikubali hoja hiyo. Aliyethubutu kusimama peke yake mbele ya McCarthy alijua gharama ya ujasiri, na kwa Weusi hakutaka kuilipa. Tena aliyemng'oa 1974 katika kura ya mchujo ni Dale Bumpers, wakili ambaye miaka ya 1950 aliishauri bodi ya shule ya mji wake mdogo, Charleston, itii uamuzi wa Mahakama ya Juu na kuondoa ubaguzi. Zama zilikuwa zimebadilika, ni kweli. Ila Bumpers hakuzisubiri.

Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Arkansas kiliamua sanamu ya Fulbright ibaki. Kwangu, jina nalo libaki, kwa sharti moja: kila anayepewa ufadhili, wa Mombasa au wa Morogoro, aelezwe kura zote za mwenye jina kabla hajapanda ndege.