MAZUNGUMZO YA JUMA: SARUJI YA KAUNTI NA MAWE YETU



Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa karani mmoja akaaye Wote, katika Makueni. Aniuliza hivi: "Mzee, kikundi chetu kimeomba fedha za kaunti mara mbili, na mara mbili tumenyimwa. Je, ni lazima kumjua mtu?"

Barua hiyo imekaa mezani pangu siku tatu, maana sikutaka kumjibu kwa haraka. Kumjua mtu husaidia katika mambo mengi ya nchi hii, na asemaye sivyo hasemi kweli. Lakini sisi wa kijijini kwangu nasi tulinyimwa, na kilichotukwamisha hakikuwa mtu wa ofisini. Kilikuwa ng'ambo ya mto wetu wenyewe.

Kwanza yafaa tujue fedha zenyewe ni zipi. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilitunga kanuni za mfuko wa mabadiliko ya tabianchi, na kwa kanuni hizo asilimia 1 ya fedha za maendeleo iliwekwa kando kwa kazi kama vile mabwawa, visima na upandaji wa miti. Mahitaji huanza kusemwa vijijini, yakapanda mpaka wadi, ndipo yafike kaunti. Wala fedha hazitiwi mkononi mwa mwenyekiti wa kikundi akaenda nazo sokoni. Hupewa mkandarasi kazi, na kamati ya mradi iliyochaguliwa na wananchi hutia sahihi kwamba kazi imefanywa sawasawa, ndipo alipwe. Wengi hawapendi mpango huo. Mimi naupenda, kwa kuwa nimekwisha kuona wenyeviti kadhaa katika maisha yangu.

Kikundi chenyewe hakina budi kuandikishwa. Sheria ya mwaka 2022 ya kuandikisha vikundi vya jamii yataka watu wasiopungua 10, na katiba, na viongozi wanaojulikana. Tena yapasa kujua majira. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hupelekwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, makadirio ya fedha hufuata kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mtu apelekaye ombi lake mwezi wa Mei, ati kwa kuwa ndipo alipokumbuka, amefika sokoni jua limekwisha kuchwa.

Sasa nitasimulia yetu. Sisi tuliomba bwawa la mchanga. Kwa wasomaji wasiotoka Ukambani nitaeleza kidogo. Mito yetu mingi hukauka mara tu mvua zikiisha. Basi hujengwa ukuta wa mawe na saruji kukata mto, na msingi wake hukalishwa juu ya mwamba. Mafuriko yajapo huleta mchanga na tope. Tope jepesi hupita juu ya ukuta likaenda zake, na mchanga mzito hubaki nyuma. Baada ya misimu kadhaa bwawa limejaa mchanga mpaka juu, na mgeni aweza kudhani kazi imeharibika. Kumbe maji yamo humo ndani, kati ya chembe na chembe, pengine kufika asilimia 40 ya ujazo wote. Jua haliyafikii, na mbu hapati pa kutagia. Mawe huleta wananchi wenyewe kwa mwethya, saruji na nondo hutoka nje.

Mwethya si jambo geni. Katika miaka ya 1950 makingamaji mengi ya vilima vya Machakos yalichimbwa na vikundi vya namna hiyo, na wengi walioshika majembe walikuwa wanawake. Lakini wazee wetu walikuwa na sababu ya kuishuku serikali ijapo na habari za udongo. Mwaka 1938 ng'ombe wao walichukuliwa kwa madai ya kuhifadhi nchi, wakaenda Nairobi kwa miguu, pamoja na Muindi Mbingu, kumlalamikia gavana. Kwa hiyo mzee akikuuliza, "Hiyo saruji ya bure yataka nini kwangu?" usimcheke.

Ombi letu la kwanza lilikataliwa kwa ajili ya daftari. Katibu wetu alikuwa ameandika kumbukumbu za mkutano nyuma ya daftari la hesabu la mtoto wake, maneno mawili tu: "Tulikubaliana wote." Wote ni wangapi? Hapakuwa na majina wala sahihi. Tulikasirika sana siku ile, nami nilikuwa wa kwanza kusema kwamba tumeonewa. Nilikosea.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Ukuta una ncha mbili, na kila ncha hukaa katika shamba la mtu, naye hana budi kutoa idhini kwa maandishi. Shamba la ng'ambo ni la shemeji yangu. Kwa miaka mingi malori yalipita shambani mwake kwenda kuchota mchanga mtoni, naye alilipwa shilingi 500 kwa kila lori. Tangu mwaka 2015 kaunti ina sheria ya kuhifadhi mchanga, lakini sheria hulala usiku, na lori halilali. Vijana waliopakia mchanga huo ni wetu, mmoja wao mwana wa dada yangu.

Tulikwenda kwake watu saba. Akatukaribisha vizuri, tukanywa chai, kisha akasema, "Shemeji, ninyi mtapata maji. Mimi karo ya watoto nitaipata wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulikuwa tumejiandaa kumhubiria habari za mazingira, na mtu hawezi kulipa karo kwa mahubiri. Tulirudi kwake mara nne. Mwishoni ilikubaliwa kwamba kisima cha bomba kitachimbwa upande wake, naye atalima sukumawiki na nyanya karibu nacho kabla ya mtu mwingine yeyote. Mkewe, aliyekuwa akitoka na punda alfajiri na kurudi na maji saa nne, alisimama mlangoni mpaka alipoona kalamu imegusa karatasi.

Vijana je? Wao waliomba ngoma na mavazi kwa kikundi chao cha wathi, na mwenyekiti wetu akasema huo ni upuuzi wakati watu wana kiu. Hapo tuligombana. Utamaduni nao ni kazi ya kaunti kwa Katiba ya mwaka 2010, na ombi lao halikupunguza saruji yetu hata mfuko mmoja, kwa kuwa lina fungu lake. Zaidi ya hayo, Jumamosi walipokuja kucheza mtoni ndipo tulipata mikono ya kubeba mawe. Kabla ya hapo tulikuwa wazee na akina mama tu. Ombi lao bado halijajibiwa.

Letu limeingia katika makadirio. Mawe yamo ukingoni, marundo kumi na moja, nasi twataka msingi uwe tayari kabla ya mvua za Oktoba. Lakini usiku wa Alhamisi lori lilisikika tena mtoni, na asubuhi tuliona matairi yamepita upande wetu sisi, si wa shemeji. Tunaulizana ni nani aliyefungua lango.

Nawe karani wa Wote, njoo sokoni Jumamosi, utanikuta karibu na wauza maembe. Njoo na daftari la mikutano, tulisome pamoja tangu ukurasa wa kwanza.