Mkutubi wa Kiswahili Anapostaafu: Maoni kuhusu Mabadiliko ya Muundo katika Maktaba za Vyuo Vikuu

1.0 Utangulizi

Matangazo ya kiutumishi ya maktaba za vyuo vikuu husomwa kwa haraka na wanataaluma wengi, na pengine hayasomwi kabisa. Hutajwa nani amestaafu, nani amepandishwa cheo, kitengo kipi kimeunganishwa na kipi, na makusanyo gani yamehamishiwa ghorofa nyingine. Habari hizo huchukuliwa kuwa mambo ya ndani ya utawala, yasiyomhusu mwalimu wa fasihi wala mwanafunzi wa uzamili anayetafiti utendi wa karne ya kumi na tisa.

Makala haya yanatoa maoni tofauti. Yanadai kwamba, kwa taaluma ya Kiswahili, tangazo la kustaafu kwa mkutubi mmoja laweza kuwa na uzito mkubwa kuliko tangazo la ununuzi wa vitabu elfu moja. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya makusanyo ya Kiswahili hutegemea ujuzi wa mtu, na ujuzi huo mara nyingi haukuandikwa mahali popote. Muundo unapobadilishwa bila jambo hili kuzingatiwa, vitabu na miswada hubaki katika rafu zake, lakini njia ya kuvifikia hufungika.

2.0 Muundo kwa somo na muundo kwa kazi

Maktaba nyingi za vyuo vikuu zimejengwa kwa mojawapo ya miundo miwili, au kwa mchanganyiko wa yote miwili. Muundo wa kwanza huwagawa wakutubi kwa masomo au kwa maeneo ya dunia. Mkutubi wa Afrika, kwa mfano, huchagua vitabu vya eneo lake, husimamia uorodheshaji wake, na ndiye anayepokea maswali ya watafiti. Muundo wa pili huwagawa watumishi kwa kazi: kitengo cha manunuzi, kitengo cha uorodheshaji, kitengo cha huduma kwa wasomaji, na kitengo cha teknolojia ya habari. Kila kitengo hushughulikia masomo yote kwa pamoja.

Katika miongo ya karibuni mwelekeo wa vyuo vingi umekuwa kuuendea muundo wa pili. Haifai kuubeza. Muundo huo hupunguza kazi zinazorudiwa, huwezesha watumishi kupokezana zamu, na huendana na hali ambayo majarida mengi hununuliwa kwa mafungu kupitia mtandao wa kompyuta. Kwa masomo kama uhandisi au tiba, ambayo machapisho yake huja yakiwa yamekwisha kuorodheshwa na mashirika makubwa ya vitabu, hasara yake ni ndogo.

Kwa Kiswahili hali si hiyo. Kitabu cha Kiswahili chaweza kuchapishwa na mchapishaji mdogo mjini Tanga au Mombasa, katika nakala chache, na kisipatikane tena baada ya miaka miwili. Diwani huchapishwa kwa gharama za mshairi mwenyewe. Mswada huletwa na wajukuu wa aliyeunakili, ukiwa umefungwa katika kitambaa. Vitu hivi haviji kwa mafungu. Hupatikana kwa sababu yuko mtu anayejulikana kuwa anavitafuta.

3.0 Ujuzi usioandikwa

Yafaa kueleza ni ujuzi gani hasa unaozungumziwa hapa. Mfano wa kwanza ni majina ya waandishi. Zanzibar imetoa waandishi mashuhuri watatu ambao majina yao yaweza kumchanganya mworodheshaji asiyewajua: Mohamed Said Abdulla, mwandishi wa Mzimu wa Watu wa Kale, Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Nyota ya Rehema, na Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano. Kanuni ya kutanguliza jina la mwisho ikitumiwa katika orodha moja na isitumiwe katika nyingine, na majina ya kwanza yakifupishwa kuwa herufi, kazi za mtu mmoja hugawanyika mahali pawili na kazi za watu wawili huchanganywa mahali pamoja. Mkutubi aliyezisoma riwaya hizo hulisahihisha kosa hilo kwa dakika moja.

Mfano wa pili ni anwani za kazi. Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake unaojulikana zaidi ni wa mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali. Mtafiti anayelijua jina moja tu atapata nusu ya kilichopo. Majarida nayo yana taabu hiyo hiyo. Jarida la Kiswahili la Dar es Salaam lilianza mwaka 1930 kama taarifa ya kamati ya lugha ya serikali za kikoloni; likaja kubadili jina na kuwa jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki; mwaka 1959 likaitwa Swahili; na tangu mwaka 1970 linaitwa Kiswahili. Asiyejua kwamba hilo ni jarida moja huliweka katika rafu nne.

Mfano wa tatu, ulio mzito kuliko yote, ni miswada ya hati za Kiarabu. Katika maandishi ya kale herufi be ilitumika kwa sauti b, p na mb, na herufi fe ilitumika kwa f na v. Msomaji hutambua neno kwa kuijua lugha, lahaja na mizani ya ubeti, wala hawezi kutegemea herufi peke yake. Tena miswada mingi haina anwani wala jina la aliyeinakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi ambazo leo zimehifadhiwa Uingereza na Ujerumani. Aijuaye khati yake aweza kuutambua mkono wake hata pasipokuwa na jina. Huo ni ujuzi wa miaka, na hakuna mafunzo ya wiki mbili yawezayo kuuziba pengo lake.

4.0 Funzo kutoka Dar es Salaam

Historia ya taasisi za Kiswahili ni historia ya kuhamahama. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa Dar es Salaam, ikahamia Nairobi, kisha Makerere, kisha Mombasa, na hatimaye ikarudi Dar es Salaam. Mwaka 1964 kazi yake ilikuwa imekwisha kuingizwa katika Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili, ndani ya chuo kikuu kilichokuwa kichanga. Baadaye ikaja Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI. Mwaka 2009 TUKI iliunganishwa na Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikazaliwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Upande wa maktaba, mwezi Novemba 2018 lilizinduliwa Mlimani jengo jipya lililojengwa kwa msaada wa China, linaloelezwa kuwa na nafasi ya vitabu 800,000.

Katika safari hiyo ndefu liko tukio moja linalostahili kuangaliwa kwa makini. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alishughulika kukusanya miswada na kanda za sauti kutoka kwa wenyeji wa pwani kwa ajili ya maktaba ya chuo. Kazi hiyo ingeweza kuishia katika makabati na katika kumbukumbu zake mwenyewe. Haikuwa hivyo. Mwaka 1970 ilichapishwa mjini Leiden orodha aliyoitayarisha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda zilizokuwa katika maktaba ya Dar es Salaam. Tangu hapo mtafiti yeyote, awe Mlimani au ng'ambo, aliweza kujua ni nini kilichokuwapo mwaka huo, na kudai kuonyeshwa.

Funzo lake ni wazi. Mtu aliondoka, na muundo wa chuo ukabadilika zaidi ya mara moja, lakini ujuzi wake haukuondoka naye kwa sababu ulikuwa umewekwa katika orodha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilisemwa kuhusu biashara, lakini inayafaa makusanyo ya miswada kuliko bidhaa yoyote. Gunia la karafuu likipotea, mwenyewe huliona pengo ghalani. Mswada usioorodheshwa ukipotea, hakuna atakayejua kwamba uliwahi kuwapo.

5.0 Hoja za upande wa pili

Wanaotetea mabadiliko wana hoja ambazo ni haki zijibiwe. Hoja ya kwanza ni ya fedha. Husemwa kwamba chuo chenye wanafunzi makumi ya maelfu hakiwezi kumweka mtumishi mmoja kwa ajili ya watafiti wachache wa miswada. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama thamani ya makusanyo ingepimwa kwa idadi ya wanaoingia mlangoni. Lakini kitabu cha kiada kikipotea hununuliwa kingine, ilhali mswada wa pekee haununuliki. Gharama ya kumtunza mjuzi wake yapasa kulinganishwa na gharama ya hasara isiyolipika.

Hoja ya pili ni kwamba kazi ya kuorodhesha hufanyika sasa kwa ushirikiano wa kimataifa. Ni kweli kwamba ofisi ya Maktaba ya Bunge la Marekani iliyopo Nairobi tangu mwaka 1966 hukusanya machapisho ya Afrika Mashariki na kuyaorodhesha, na kwamba vyuo vingi hufaidika na kazi hiyo. Hata hivyo orodha ya Nairobi hueleza kile ambacho ofisi hiyo imekipata. Haiwezi kueleza kilichomo katika sanduku lililo chini ya ngazi za maktaba nyingine. Zaidi ya hayo, si jambo la fahari kwa vyuo vya nchi zenye lugha yenyewe kungoja kuelezwa na wengine ni vitabu gani vya Kiswahili vilivyochapishwa mtaa wa pili.

Hoja ya tatu ni ya kompyuta: kwamba kila kitu kikipigwa picha na kuwekwa katika mtandao, mkutubi hatahitajika. Mfano wa London unaonyesha kinyume chake. Chuo cha SOAS kilipoandaa orodha ya kielektroniki ya miswada yake ya Kiswahili mwanzoni mwa karne hii, kazi hiyo ilihitaji wasomaji wa hati zenyewe, na miongoni mwao alikuwa Yahya Ali Omar, mwanazuoni wa Mombasa aliyekaa London kwa miaka mingi na kufariki mwaka 2008. Kamera hutoa picha ya ukurasa, lakini haisemi kama ukurasa huo ni wa utendi, wa barua ya madai au wa dawa za homa. Picha elfu kumi zisizo na maelezo ni kabati jingine lililofungwa, tofauti ikiwa tu kwamba hili halina vumbi.

6.0 Mapendekezo

Makala haya hayapendekezi kurudi katika muundo wa zamani kwa kila jambo. Yanapendekeza mambo manne yanayoweza kutekelezwa ndani ya muundo wowote.

Kwanza, mtumishi mwenye dhamana ya makusanyo ya Kiswahili asistaafu kabla ya makabidhiano ya maandishi. Makabidhiano hayo yasiwe ya funguo na samani tu. Yataje kilichoorodheshwa, kisichoorodheshwa, familia zilizokabidhi miswada na masharti waliyoyaweka, na kanda zilizo katika hatari ya kuharibika. Inafaa mrithi wake aanze kazi angalau mwaka mmoja kabla.

Pili, nafasi hiyo iwe ya pamoja kati ya maktaba na idara au taasisi ya Kiswahili. Mkutubi apewe vipindi vichache vya kufundisha wanafunzi wa uzamili namna ya kusoma hati na kuorodhesha miswada. Kwa njia hiyo ujuzi utagawanywa kwa wengi, na nafasi yenyewe haitafutwa kwa waraka wa upande mmoja.

Tatu, kuorodhesha fungu la miswada au majarida ya zamani kutambuliwe kuwa kazi ya kitaaluma ya kutosha kwa tasnifu ya umahiri. Wako wanafunzi wanaorudia mada zilizokwisha kuandikwa mara nyingi kuhusu riwaya zile zile, ilhali rafu za karibu zina kazi ambazo hazijawahi kusomwa na mtafiti yeyote.

Nne, wanataaluma wa Kiswahili wadai uwakilishi katika kamati zinazojadili muundo wa maktaba. Malalamiko yanayotolewa baada ya kitengo kuvunjwa hayajengi tena kilichovunjwa.

7.0 Hitimisho

Mabadiliko ya muundo yapimwe kwa swali moja ambalo mwanafunzi yeyote aweza kuliuliza mbele ya kaunta: je, kazi ya Kiswahili iliyokuwa ikipatikana jana, inapatikana leo, na ni nani awezaye kumwonyesha? Jengo jipya, mitambo mipya na vyeo vipya ni mambo ya kupongezwa pale jibu linapokuwa la kuridhisha. Pale ambapo jibu ni kwamba aliyekuwa akijua amestaafu mwezi uliopita, chuo hakina budi kukiri kwamba kimepoteza sehemu ya maktaba yake. Akipatikana na bado ana nguvu, afuatwe nyumbani kwake na daftari, aulizwe, na majibu yake yaandikwe.