Kripto: mutandao ukizibwa, feza yetu inabakia wapi?

Watu wa Goma hawana lazima ya kufundishwa maana ya feza ambayo iko lakini huwezi kuigusa. Tangu mwisho wa mwezi wa 1, 2025, mabanki ya muji yalifunga milango. Mutu mwenye konti nzuri aliweza kujikuta anakopa unga kwa jirani. Hakuna mwizi aliyepita. Hesabu yake ilibakia vile aliiacha. Mulango tu njo haukufunguka.

Toka wakati ule, tunasikia vijana wengi wakisema: kama banki inaweza kufunga, afazali tuweke feza mu kripto, juu kule hakuna direktere wala mulinzi mwenye ufunguo. Tunaelewa mawazo hayo, na yako na ukweli ndani. Lakini mutandao wa kripto nao uko na milango, na kuna watu wanaojua kuiziba bila kuiba hata senti moja. Wamekwisha kufanya vile zaidi ya mara moja. Kwa hiyo, mbele ya kukimbilia kule, tuangalie pamoja namna milango ile inazibwa, namna inalindwa, na ni nani analipa bei ya ulinzi huo.

Fundo ni nini?

Bitcoin na Ethereum haziko na ofisi kubwa mahali fulani. Kila moja ni kitabu cha hesabu chenye kopi maelfu, na kila kopi inakaa mu ordinatere ya mutu ao ya kampuni, mu inchi mbalimbali. Wafundi wanaita kila ordinatere ya namna hiyo nodi. Sisi tutasema fundo, juu zinashikana sawa vile mafundo ya wavu wa samaki.

Fundo linapokea habari ya malipo, linaichunguza (huyu mutu iko na feza kweli? hajaitumia mara mbili?), kisha linaipitisha kwa mafundo ingine. Telefone yako yenye kripto haijui kitu yenyewe: inauliza fundo. Fundo likinyamaza, telefone inabakia kuzungusha gurudumu, na muuzaji anakuangalia tu.

Tusichanganye fundo na mashine ya kuchimba. Wasomaji wetu wa Kivu ya Kaskazini wanajua kama Parc ya Virunga ilianza mu mwaka 2020 kuchimba Bitcoin kwa umeme wa maji ya Luviro. Mashine za namna ile zinashindana kuandika ukurasa mupya wa kitabu, na yenye kushinda inapata zawadi. Fundo la Bitcoin halipati zawadi yoyote. Linachunguza tu kama ukurasa umeandikwa vizuri, na mwenye kuliendesha analipa umeme na internete kutoka mufuko wake. Tuweke jambo hilo mu kichwa, juu tutalirudilia.

Kuuliza bei rahisi, kujibu bei kali

Shambulio tunalozungumuzia, wafundi wanaliita shambulio la kunyima huduma. Namna yake si ya kigeni kwetu. Wazia ofisi ya komine. Mutu mwenye nia mbaya anatuma watu 100 wakamate mustari ku gishe tangu asubui, kila mumoja na swali la bure. Karani hakuibiwa hata kalamu, lakini mama aliyekuja kutafuta karatasi ya kuzaliwa ya mutoto anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kuna namna ingine yenye akili zaidi. Mutu mumoja tu anafika na kusema: nitafutieni karatasi ya babu yangu ya mwaka 1950. Kwa muulizaji, ni maneno machache. Kwa karani, ni saa nzima mu stoki ya karatasi za kale, mavumbi mpaka ku pua. Akimaliza, yule anauliza juu ya babu mwingine.

Dawa ya ugonjwa huo ilifikiriwa mbele Bitcoin haijazaliwa. Mu mwaka 1997, Adam Back, mufundi wa Uingereza, alitengeneza Hashcash kwa kupigana na barua za uchafu za internete. Kila mwenye kutuma barua, ordinatere yake inapaswa kwanza kufanya hesabu fulani. Kwa barua moja, hausikii kitu. Kwa barua milioni, unachoka. Satoshi Nakamoto alikamata wazo lile mu andiko lake la 2008, na njo likakuwa musingi wa kuchimba Bitcoin. Hata komisiyo unayolipa ku kila malipo inafanya kazi ileile: kusudi mutu asijaze mustari bure.

Basi ulinzi wa fundo unaanza na swali moja: je, mwenye kuuliza analipa sawasawa na kazi anayoleta? Mahali bei imewekwa vibaya, njo mushambuliaji anaingilia.

Shanghai, 2016

Mufano wenye kufundisha zaidi ni ule wa Ethereum. Tarehe 19 mwezi wa 9, 2016, wafundi wake kutoka pande mingi za dunia walikuwa wanafungua mukutano wao mukubwa mu muji wa Shanghai, inchi ya China. Siku moja mbele, mushambuliaji alituma malipo yaliyotengenezwa kwa ujanja. Programu Geth, ambayo ilikuwa inaendesha sehemu kubwa ya mafundo, ilijaza memori ya ordinatere mpaka ikaanguka. Mafundo yenye kutumia Parity, programu ingine iliyoandikwa na kikundi kingine mu lugha ingine ya ordinatere, yalibakia yamesimama. Hayo njo yalishikilia mutandao, na kule Shanghai wafundi wa Geth wakafunga tundu upesi.

Siku chache kisha, swali la babu likafika. Mu Ethereum, kila kazi unayoomba iko na bei, inayoitwa gesi. Agizo moja, EXTCODESIZE, lilikuwa linauliza fundo ukubwa wa programu fulani iliyowekwa mu kitabu. Bei yake ilikuwa gesi 20 tu. Lakini kusudi lijibu, fundo lilipaswa kwenda kusoma mu diski, na diski iko polepole. Mushambuliaji alirudilia swali lile karibu mara 50,000 mu ukurasa mumoja. Mafundo yakaanza kutumia kati ya sekunde 20 na 60 kwa kuchunguza ukurasa mumoja, wakati kurasa mupya zilipaswa kufika karibu kila sekunde 15. Ni sawa mutu anayetoa maji mu mutumbwi kwa kikombe, na maji yanaingia kwa ndoo.

Kitu cha kushangaza: mushambuliaji hakuvunja sheria yoyote ya mutandao. Alilipa bei iliyoandikwa. Bei yenyewe njo ilikuwa mbaya. Ndiyo maana dawa haikukuwa kujenga ukuta. Tarehe 18 mwezi wa 10, mutandao wote ulibadilisha sheria zake, na bei ya agizo lile ikapanda kutoka 20 kufika 700. Lakini mushambuliaji alikuwa amekwisha kupata tundu lingine: alitengeneza karibu konti milioni 19 za bure, hazina hata senti, zikajaa mu kitabu sawa magunia matupu mu depo. Tarehe 22 mwezi wa 11, mabadiliko mengine yalifungua njia ya kuzifagia.

Siku mbili tu kisha, tarehe 24, mufagio wenyewe ulileta shida. Geth na Parity hazikukubaliana juu ya konti fulani zilizofutwa. Kosa lilikuwa la Geth. Kwa muda, mutandao uligawanyika na kukawa vitabu viwili, mpaka Geth ikatengenezwa. Tunaona hapo somo lenye pande mbili. Kuwa na programu mbili kuliokoa mutandao mu mwezi wa 9. Mu mwezi wa 11, programu zilezile mbili zikaugawa. Hata hivyo, wafundi wengi wa Ethereum wanachagua kuwa na programu zaidi ya moja, na sisi tunaona kama wako na haki. Kijiji chenye kisima kimoja, siku kikiingia sumu, wote wanakunywa.

Wakati ulinzi unageuka silaha

Bitcoin ilipitia njia yake. Mu mwezi wa 7, 2015, malipo madogo madogo ya uchafu yalimiminika mpaka mafundo yenye memori kidogo yakaanza kuanguka. Toka toleo la 0.12, lililotoka mwezi wa 2, 2016, fundo linaweka mpaka: chumba cha kungojea malipo hakizidishi megabaiti 300. Kikijaa, wenye komisiyo ya chini wanatoka kwanza. Fundo pia halikubali zaidi ya mawasiliano 125 kwa wakati mumoja. Nafasi zikiisha na mugeni mupya akifika, fundo linaachilia mumoja wa zamani, lakini linachunga wale wenye kuonyesha faida: wenye kujibu upesi, wenye kuleta kurasa mupya, wenye kukaa muda murefu, na wenye kutoka sehemu mbalimbali za internete. Mushambuliaji anaweza kuiga moja ya sifa hizo, lakini kuziiga zote pamoja ni kazi ngumu.

Kulikuwa pia sheria ya azabu: fundo lenye kutuma uongo lilifungiwa saa 24. Sheria nzuri, mutu angesema. Mu mwaka 2014, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Luxembourg, Alex Biryukov na Ivan Pustogarov, walionyesha namna ya kuigeuza. Wenye kutumia Bitcoin kwa kujificha wanapitia Tor, mutandao ambao unaficha mahali mutu anatoka. Mushambuliaji anapitia milango ileile ya Tor, anatuma uongo kwa kusudi, na mafundo ya Bitcoin yanaifungia milango hiyo yote saa 24. Inabakia milango yenye kuwa mikononi mwake tu. Kisha, sheria ililegezwa: fundo lenye kukosa halifungiwi kabisa tena, linawekwa mu mustari wa wale watakaotolewa wa kwanza nafasi zikikosekana. Mulinzi mwenye kupiga kila mutu anayeelekezewa kidole, siku moja mwizi atamuelekezea mwenye nyumba.

Nani analipa?

Sasa turudi ku mufuko. Tarehe 14 mwezi wa 9, 2021, mutandao Solana ulisimama karibu saa 17. Hakukuwa hata adui wa kweli: programu za kununua zenyewe zilikimbilia kripto mupya iliyokuwa inauzwa, zikamimina mpaka malipo 400,000 kwa sekunde. Komisiyo ilikuwa ndogo sana, kwa hiyo kujaribu mara elfu hakukumuumiza mutu. Wenye kuendesha mafundo walipaswa kupatana na kuwasha mutandao upya. Kisha, Solana iliingiza komisiyo ya kutangulizwa, na nafasi zaidi kwa mafundo yenye kuweka dhamana kubwa.

Hapo njo tunaona bei ya ulinzi. Ukipandisha komisiyo, unafukuza mushambuliaji, lakini pia mama anayetaka kutuma dolari 5. Ukidai mashine zenye nguvu zaidi, mutandao unavumilia, lakini mwenye ordinatere moja na umeme wa kukatika-katika anatoka. Na wakati wa shambulio, wenye kuanguka kwanza ni haohao wazaifu. Tukumbuke: mu Bitcoin, mwenye fundo halipwi. Kila shambulio ni sababu ingine ya kuzima na kusema, wacha kampuni kubwa wafanye.

Matokeo yake yameonekana. Tarehe 11 mwezi wa 11, 2020, kampuni Infura, ambayo inakopesha mafundo ya Ethereum kwa programu mingi za telefone, ilikwama juu ilikuwa na toleo la zamani la Geth. Haikukuwa shambulio, na mafundo mengi ya watu wengine yaliendelea kutembea. Lakini watumiaji wa MetaMask waliona mulango umefungwa, juu karibu wote walikuwa wanapitia mulango ule mumoja. Kama uzembe tu unaleta hayo, adui je?

Kwa hiyo kijana anayetuuliza kama kripto haiwezi kufungwa, tunamujibu hivi. Kitabu chenyewe ni vigumu kukifuta. Mulango wako wewe, unaweza kuzibwa kesho. Tafuta programu inayokuruhusu kuchagua fundo, na ujue fundo la pili mbele shida haijafika. Usiweke humo feza ya unga wa juma hili. Mutandao ukikwama, ungojee. Mwenye kukuandikia kama atakufungulia kama umemupatia maneno yako ya siri, huyo njo mwizi. Na ninyi wafundi wa Goma, Bukavu na Lubumbashi: fundo la Bitcoin linatembea mu ordinatere ndogo yenye diski ya terabaiti 1. Mukiliendesha, mulichunge na toleo la mupya, juu tundu lililofungwa mu toleo la mupya linabakia wazi mu la zamani.

Kuna jambo moja ambalo hakuna programu italiponya. Tarehe 31 mwezi wa 12, 2018, kisha uchaguzi, internete ilikatwa mu inchi yetu karibu siku 20. Siku zile, mafundo yote ya dunia yalikuwa yanajibu. Sisi njo hatukukuwa na namna ya kuuliza.